Siku Wasichana Waliponiketisha Nje ya Kamba

Niliambiwa niache skauti nikiwa na mtoto mgongoni na sufuria ya uji mkononi, na aliyeniambia hakungoja hata niiweke chini.

Ulikuwa mkutano wa wazazi wa shule ya msingi mjini Isiolo, shule ile ile niliyosoma mimi, ambako sasa ninaongoza kundi la skauti wasichana kwa kujitolea. Mwenyekiti wa wazazi ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa heshima zake na kofia nyeupe isiyoshika vumbi sijui kwa dawa gani. Alisafisha koo akasema, "Binti yetu huyu amefanya kazi nzuri, Mungu amlipe. Lakini sasa ni mama. Mama na mambo ya kambi wapi na wapi? Awaachie wengine."

"Wengine nani?" nikauliza.

"Tutatafuta."

"Mtatafuta wapi? Miaka hii yote mlikuwa mnatafuta chini ya viti?"

Akina mama wa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa sababu mwalimu wa skauti wavulana alikuwa ameketi pale pale, baba wa watoto wanne, na kitinda mimba wake ni mdogo kuliko binti yangu. Hakuna aliyemwuliza akienda kambini mtoto anabaki na nani. Hata yeye mwenyewe aliangalia viatu vyake.

Tukamalizana hivi: nitapeleka wasichana kambi ya likizo Kulamawe, kwa sababu ilikuwa imeshapangwa na wengine walikuwa wameshafunga mizigo. Mtoto naweza kwenda naye. Lakini kikitokea chochote kwa sababu ya huyo mtoto, nirudishe filimbi ya kiongozi.

"Chochote," mwenyekiti akasema, kidole juu.

Nilitembea hadi nyumbani mtaa wa Chechelesi nikiongea peke yangu, mtoto akinivuta sikio, watu wa dukani wakinipisha njia.

Hiyo filimbi si ya kamati ya wazazi. Nilipewa, na nieleze nilivyopewa.

Ukweli ni kwamba sikuingia skauti kwa sababu ya wema. Niliingia kwa sababu ya skafu. Nilikuwa darasa la nne, na wasichana wa skauti walipita uwanjani na skafu za buluu shingoni kama watu wenye mahali pa kwenda. Nikarudi nyumbani nikamwambia ayeyo, yaani nyanya yangu, kwamba ninaitaka.

"Skauti ni nini? Ni jeshi?"

"Si jeshi, ayeyo."

"Wanatembea kwa mstari?"

"Ndiyo."

"Wanapiga saluti?"

"Ndiyo, lakini ya vidole vitatu."

"Basi ni jeshi la watu maskini wa vidole," akasema. "Ukoo huu umeshatoa askari wa kutosha."

Alikuwa na haki. Sisi tuko Isiolo kwa sababu babu wa babu yangu aliletwa na jeshi la wakoloni, vita vikaisha akaachwa hapa, akaanza kuuza chumvi na nguo. Ayeyo hakutaka mtu mwingine wa ukoo wetu apangwe kwa mstari na mtu asiyemjua mama yake. Lakini jioni niliyopewa skafu alikaa kwenye mkeka akaishona upya, akaiongeza urefu ili ikae vizuri juu ya mtandio bila kunibana koo. Alipomaliza aliniambia nipige hiyo saluti yao aione. Nikapiga. Akageuka ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Kiongozi wetu wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka upande wa Meru, mama Mkristo mwenye sauti ndogo. Kamwe hakupiga kelele. Akitaka tunyamaze aliinua vidole vitatu juu ya kichwa, na anayeona anainua vyake na kufunga mdomo, mpaka uwanja mzima unakuwa mikono tu na kimya. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho siku zote. Nilizaliwa na mdomo mkubwa.

Lakini kitu kilichonifunga na skauti maisha yangu yote kilikuwa kamba.

Kukiwa na jambo la kuamua, alitandika kamba chini kwa duara. Viongozi wa vikosi, wasichana tu, waliingia ndani wakaketi. Anayezungumziwa alikaa nje ya kamba na hakufungua mdomo mpaka aitwe. Na ndani, mdogo kabisa ndiye alisema kwanza. Ukianza na mkubwa, mwalimu alituambia, wadogo watasema tu "na mimi pia."

Siku moja alituahidi matembezi hadi mtoni. Tulingoja kwenye lango la shule na mayai yetu ya kuchemsha mpaka jua likatuchoma utosi, na hakuja. Jumatano iliyofuata akatandika kamba mwenyewe, akasimama nje yake na mkoba wake kwapani. Sisi tukatazamana. Nilikuwa nimechaguliwa kiongozi wa kikosi juzi juzi tu, mimi ndiye niliyekuwa mdogo.

"Tulikungoja," nikasema. "Mayai yangu yalinuka."

Tukamwita ajibu. Akasema, "Poleni. Mtoto wangu aliamka mgonjwa na sikupata wa kumtuma." Tukajadiliana kama mahakimu. Tukaamua kwamba siku nyingine atume mtu hata kama ni wa bodaboda, na matembezi bado tunamdai. Alisema, "Nimekubali," akapiga saluti.

Mtu mzima, mwalimu, alikuwa amesimama kwenye jua akingoja watoto waamue! Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nikamwambia ayeyo akae nje ya kamba aeleze kwa nini chai haina sukari. Nilichapwa kandambili moja mguuni, lakini hata hiyo haikuniondolea furaha.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi mjini kuuza nguo dukani kwa shangazi, na kila Jumatano alasiri nilikuwa uwanjani nikimsaidia mwalimu. Alipostaafu alinivika filimbi yake shingoni. "Ukichoka," akasema, "mpe msichana. Usiipe kamati." Mume wangu, dereva wa lori, alinioa akijua. Siku ya posa nilimwambia mengine yote tutazungumza, Jumatano alasiri sipatikani. Akasema hata yeye Jumatano huwa Moyale, kwa hiyo ndoa itadumu.

Basi twende Kulamawe.

Tulipiga kambi kwenye uwanja wa shule moja iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Niseme nini? Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau nimekasirika. Wasichana walifunga hema za turubai wakazirekebisha wakazifunga tena. Waliimba wakiosha sufuria. Walibishana kama ugali wa Isiolo na wa Kulamawe ni ugali mmoja. Mtoto wangu alipitishwa mgongo hadi mgongo kwa leso moja, akarudi kwangu akinuka moshi na sabuni, anacheka na watu wote isipokuwa mimi niliyemzaa. Asubuhi mama mmoja wa pale alituletea maziwa ya ngamia, tukayamimina kwenye jerikeni letu la njano, tukapika chai.

Siku ya kabla ya kurudi, mwenyekiti akapiga simu. Yuko njiani kutoka Garbatulla, sokoni amepata mbuzi mzuri, atapita kutuletea. Wasichana wakapiga vigelegele. Aliyeshangilia kuliko wote ni binti yake mwenyewe, msichana mrefu mwenye miguu kama ya twiga mchanga, kiongozi wa kikosi cha jikoni. Akauliza, "Madam, Aba atafika kabla ya chai ya saa kumi?" Aba ni baba yake. Nikasema nafikiri.

Mtoto akaanza kulia, kile kilio kisichojadiliwa. Nikaingia hemani kunyonyesha.

Nilikuwa nimefunga macho kidogo tu. Kwanza nikasikia kicheko cha wasichana jikoni. Halafu kicheko kikakatika. Halafu ikaja harufu, na harufu ya plastiki inayoungua haina ndugu duniani. Nikatoka mbio, mtandio umekaa upande, mtoto kwapani bado ananitafuta kifua.

Moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka jikoni. Wasichana walikuwa wanamwaga mchanga kwa mikono na sahani. Katikati yao, jerikeni letu la njano lilikuwa limelala limejikunja kama soksi iliyovuliwa, na tumboni mwake kuna tundu unaloweza kupitisha kichwa.

"Ni nani?" nikafoka. "Nani amechoma jerikeni? Mnataka kuniua? Mnataka tuchomeke sote hapa kama mahindi?" Na mengine ambayo siyaandiki. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini mimi nilikuwa sijafika hapo bado, nilikuwa bado kwenye kufoka.

Na hapo ndipo gari la mwenyekiti liliposimama. Bila shaka. Lingesimama wapi kwingine?

Akashuka na mbuzi wake wa kamba. "Salaam aleikum. Nini kinaungua?"

"Waaleikum salaam. Jerikeni, Mzee."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa msalani. Nikasema, "Nilikuwa nanyonyesha."

Aliangalia jerikeni. Akamwangalia mtoto. "Si nilisema?" Wala hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonichemsha zaidi. Akanyoosha mkono. "Lete filimbi, binti yangu. Tumeongea tukakubaliana."

Niliivua. Sikuivua kwa utii, nataka hilo lieleweke. Nilitaka kumrushia. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda nyuma.

"Madam," sauti ndogo ikasema. "Hiyo si yake kuchukua. Kamba kwanza."

Alikuwa mdogo wa viongozi wote, msichana wa gredi ya nne mwenye pengo la meno mawili. Alishaishika kamba ya kuanikia nguo, soksi bado zinaning'inia.

"Kamba gani?" mwenyekiti akauliza.

"Ya baraza letu, Mzee. Wewe na Madam mtakaa nje."

"Mimi tena?"

"Wewe ndiye umeleta kesi."

Watu wazima tukakalishwa kwenye gurudumu la akiba la gari lake, mgongo wangu ukigusa wake, mbuzi akitafuna pindo la kanzu yake. Mwenyekiti alijaribu kusema kitu. Wasichana wakainua vidole vitatu. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Hiyo ni nini?" Nikamwonyesha kidole mdomoni. Naapa nilifurahi.

Mdogo akaanza. "Jerikeni limeungua. Mtoto wa Madam hakulichoma, hana hata meno. Madam hakulichoma. Nimemaliza."

Wa pili akasema, "Lakini Madam hakuwa hapo. Kama moto ungeshika hema, je?"

Ikaniuma, kwa sababu ni kweli.

Wa tatu akasema, "Mimi nataka kusema kuhusu kufoka." Wenzake wakaguna kwa kukubali, wote, kama walikuwa wamelala na hilo neno. "Madam anafoka mpaka unasahau ulichokuwa unaulizwa. Hasa asubuhi."

Nilifungua mdomo. Vidole vitatu. Nikaufunga.

Akabaki mrefu, binti wa mwenyekiti. Alikuwa na masizi shavuni na machozi yanamlengalenga. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliweka makaa ndani."

"Ndani ya jerikeni?" mdogo akauliza.

"Nilikuwa nafukiza. Kama bibi."

Hapo sisi wote wa upande huu tulielewa, lakini nieleze kwa asiyejua. Kina bibi wa wafugaji hawaoshi chombo cha maziwa kwa sabuni. Chombo kimesukwa kwa nyuzi za mizizi, kigumu kama gogo. Anachukua vijinga vya mti wenye harufu nzuri, anavitia ndani vikiwaka, anafunika, anatikisa, anavimwaga, halafu anatia maziwa. Maziwa yanakaa bila kuharibika na yanapata ladha ya moshi ambayo mtu aliyekua nayo haisahau. Sasa watoto wetu ni wa mjini. Wameona kwa bibi wakati wa likizo, wakaona moto unaingia na hakuna kinachoungua.

"Kwa nini ufukize?" wa pili akauliza.

Msichana akaangalia chini. "Kila jioni Aba akinywa chai nyumbani anasema maziwa ya mjini hayana moshi. Anasema ni kama kunywa mvua. Anasema tangu aondoke kwa mama yake hajapata chai. Nikasema akija leo, anywe yenye moshi."

Mgongo uliogusa wangu ukaacha kupumua.

"Mzee anaitwa," mdogo akasema.

Mwenyekiti akasimama. Aliikaribia kamba lakini hakuivuka, na hapo nilimheshimu kidogo. Alimwangalia binti yake. "Ulitia makaa mangapi?"

"Mengi. Nilitaka moshi uwe mwingi."

"Na ukafunika?"

"Nikafunika, Aba. Nikatikisa."

"Ukatikisa," akasema. "Ukatikisa jerikeni." Uso wake ukaanza kuvunjika kuanzia ndevuni, akajaribu kuushika, ukamshinda. Alicheka mzee yule mpaka akainama na kushika magoti, kofia ikaanguka mchangani, mbuzi akainusa. "Mama yangu angekufa mara ya pili," akasema akijifuta macho. "Walahi angekufa." Binti yake akaanza kucheka na kulia pamoja, na wengine wote wakapasuka.

Mdogo hakucheka. Alikuwa na kesi. "Madam anaitwa."

Nikasimama na mtoto wangu.

"Madam, mtoto akilia tena, utafanya nini?"

"Nitamnyonyesha."

"Na sisi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya hasira, nimeyatengeneza tangu ule mkutano wa wazazi, mazuri sana. Yote yalikuwa ya mwenyekiti. Hakuna hata moja lililokuwa la mtoto mwenye pengo anayeuliza kwa haki. Nikafikiria. "Nikienda kunyonyesha," nikasema, "filimbi nitamwachia kiongozi wa kikosi cha zamu. Moto utafunikwa mpaka nirudi. Mkiwa na shida mtapiga, nami nitatoka hata kama mtoto bado yuko kifuani."

"Hata kama Mzee yupo?"

"Hata kama rais yupo."

Wakainamishiana vichwa. Tulisubiri. Jua lilikuwa limeanza kushuka na hakuna aliyekuwa amepika chai. Mwenyekiti aliniambia chinichini, "Kumbe mnafanya hivi?" Nikasema, "Kila mara." Akasema, "Hawa watatusumbua wakikua." Nikasema, "Ndiyo kazi yangu, Mzee."

Uamuzi ukasomwa na mdogo, amesimama wima. Madam anabaki. Filimbi inabaki na Madam, na akinyonyesha inakaa na zamu, kama alivyosema mwenyewe. Mtoto anaingizwa kwenye zamu, kila kikosi kitambeba siku yake. Kikosi cha jikoni kitaosha sufuria zote na kutafuta chombo kingine cha maziwa. Mzee, kwa sababu anapenda moshi, alete chombo cha kweli siku moja, na mtu wa kutufundisha.

"Na Madam," akamalizia, "hatafoka kabla ya chai ya asubuhi. Hata akiwa na haki."

"Nimekubali," nikasema, na nikapiga saluti.

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Aliokota kofia yake, akaipangusa, akaivaa. "Nitarudi mkutanoni niseme nini? Nitasema kesi ilisikizwa Kulamawe na watu wenye uwezo wa kuisikiza. Imepita." Halafu akaniangalia. "Vaa filimbi yako, inatuchelewesha chai."

Nikavaa. Mwalimu wa wavulana bado hajaulizwa watoto wake wanabaki na nani, na hilo sijalimaliza, nitaendelea nalo. Lakini si jioni ile. Jioni ile tulikula mbuzi, na binti yangu alizungushwa kando ya moto kwa migongo minne tofauti mpaka akalala ameshika sikio la mtu asiyemjua.

Mwenyekiti alilala kwa jamaa zake pale Kulamawe. Asubuhi alirudi mapema na chombo cha maziwa kilichosukwa, cha kuazima, na mama mwenye chombo mwenyewe, ambaye alikuwa ameshasikia habari za jerikeni na hakuweza kututazama bila kufunika mdomo kwa leso. Wasichana walimzunguka. Vijinga viliingia, moshi ukatoka mweupe na mtamu, hakuna kilichoyeyuka.

Mimi nilikuwa upande wa pili nikihesabu hema. Nikafungua turubai moja lililokunjwa vizuri, nikakuta ndani nepi za mtoto wangu, mbichi, zimekunjwa humo humo kwa ustadi mkubwa, pamoja na kijiko, sandali moja na kipande cha nyama ya jana. Damu ikapanda. Nikavuta pumzi mpaka tumboni. Nikageuka na mdomo wazi.

Uwanja mzima mikono ilikuwa juu. Vidole vitatu, vitatu, vitatu, hadi kule jikoni. Hata mwenyekiti alikuwa ameinua mkono, ila yeye aliinua vidole vyote vitano, na kwa mkono wa pili alikuwa amembeba mtoto wangu.

"Chai kwanza, Madam," mdogo akasema, akaninyooshea kikombe.

Nikafunga mdomo. Nikakipokea. Ilikuwa na moshi.